Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama,

Mihadhara ya kila mwezi, usiku wa kutazama anga na ukarabati wa darubini vyote vilifanyika. Waliokuwepo wanajua.

Niende kwenye lililozua maneno. Kamati, kwa pendekezo langu, iliamua mihadhara ya mwaka ihusu mimenyuko ya nyuklia inayolipua nyota, na ununuzi wa darubini mpya usubiri. Nimeambiwa nimegeuza chama kuwa darasa la fizikia.

Mwaka mzima tumeisubiri nyota T Coronae Borealis, iliyolipuka mwaka 1866 na 1946, ilipuke tena. Atakayeiona ikipanda kutoka daraja la 10 la mwangaza hadi la 2 (namba ikipungua, mwangaza huongezeka) bila kujua kinachoungua, ataona nukta tu. Pale nyota kibete nyeupe, yaani kiini kilichobaki cha nyota iliyokufa, hunyonya haidrojeni ya jirani yake. Gesi hurundikana, na chini yake hubanwa kiasi kwamba shinikizo halifuati tena joto. Mimenyuko ikianza, tabaka halitanuki mapema likapoa. Joto huchochea mimenyuko, nayo huongeza joto. Kaboni, naitrojeni na oksijeni hudaka protoni mfululizo, kisha kasi hukwama kwenye oksijeni-14 na oksijeni-15, aina za oksijeni zisizodumu, kwa sababu lazima kwanza zigeuke naitrojeni: nusu ya ile ya kwanza huchukua sekunde 71, ya pili 122. Darubini gani ya dukani ingetuonyesha hilo? Mchoro wa ubaoni niliuchora mwenyewe, na haukugharimu chama hata senti.

Wapo pia wanaoshikilia kwamba supanova ni nova, yaani mlipuko wa tabaka kama huo, iliyokua. Nova humwacha kibete mzima, ndiyo maana hurudia. Supanova ya aina ya Ia huunguza kaboni ya kibete chote na kumsambaratisha. Hubaki nikeli-56, mara nyingi zaidi ya nusu ya uzito wa Jua; nusu yake hugeuka kobalti kwa siku 6, na nusu ya kobalti hugeuka chuma kwa siku 77. Mwanga tunaouona hutoka humo.

Muhadhara huo wa nikeli ulihudhuriwa na wanakamati na wageni wawili watatu. Waliolalamika kwa sauti kubwa sikuwaona. Zaidi ya nusu yenu hamjalipa ada, kwa hiyo hiyo darubini ingenunuliwa kwa fedha zipi?

Mwakani tunatarajia kupanga zamu za kuifuatilia T Coronae Borealis na, hali ikiruhusu, kulitazama upya suala la darubini. Mhazini yuko mlangoni na kitabu cha stakabadhi.

Mwenyekiti