Lobedi si tela la kawaida

Mhariri,

Wakandarasi wengi hudhani kijiko, yaani mtambo wa kuchimbia, cha tani 20 kinaweza kupanda tela lolote refu. Hesabu inakataa. Mkono ukikunjwa, mtambo huo una kimo cha karibu mita 3. Ukipakiwa kwenye tela bapa lenye kimo cha mita 1.5 unapita mita 4.3, kikomo cha Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kwenye lobedi, yaani tela la kitanda cha chini, yenye kimo cha sentimita 90 unabaki chini ya mita 4.

Kwenye kupakia ndiko watu wanakoumia. Chuma juu ya chuma huteleza, hasa minyororo ambayo mtambo hutembelea ikiwa na matope. Matope yakwanguliwe yote, kisha zitandikwe mbao ngumu kwenye ngazi za kupandia. Mtambo ukikaa nyuma mno shingo ya tela inanyanyuka na farasi, yaani kichwa cha lori kinachovuta tela, anakosa mshiko. Ukisogea mbele mno, ekseli za farasi zinazidi na mizani itakukamata hata kama uzito wa jumla uko sawa.

Minyororo ya kufungia isipungue minne, ishikwe kwenye fremu, kamwe si kwenye mipira ya haidroliki. Ndoo ilale juu ya gogo. Baada ya kilomita chache dereva asimame akaze upya, maana mtambo hujikalia na minyororo hulegea.

Halafu kuna reli. Tumbo la lobedi hukwama kwenye mgongo wa kivuko cha reli, na treni haikwepi. Njia ikaguliwe kwa gari dogo kabla ya safari.

Fundi wa mitambo, Morogoro