Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Mwaka wa Kwanza wa Mwalimu wa Kilimo Malindi

Ndugu wanachama, walimu wenzangu,

Hesabu atazisoma mhazini, na ya mikutano yamo katika kumbukumbu za katibu. Mimi nina jambo moja lililonikaa moyoni mwaka mzima: wenzetu wapya walioripoti katika shule za Malindi na Magarini mwezi wa Januari.

Walikuja na ari. Wengi wamesomea bara. Huku wakapokewa na kaskazi: jua kali, mchanga mkavu, mifereji haitoi maji. Na wakati huo huo ndipo mradi wa KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, unapotakiwa kuanza: ile karatasi ya tatu ya kilimo, ya kazi ya shambani. Mwalimu mgeni anasimama na watahiniwa wake kwenye shamba lisilo na jani bichi, ndoo mkononi. Ikifika Machi anajiuliza kama kazi hii aliandikiwa yeye. Wenzetu wa sekondari msingi, gredi ya saba hadi ya tisa, wana la ziada, maana wanabebeshwa na masomo ambayo hawakuyasomea.

Ellen Moir wa Marekani, aliyefanya kazi na walimu wapya wa California, aliandika mwaka 1990 kwamba mwaka wa kwanza una vipindi vyake: matarajio, kupigania kusimama, kuvunjika moyo, kupata nguvu upya, kisha kutafakari. Kule masomo huanza Agosti au Septemba, na moyo huanguka kuelekea mwisho wa mwaka hadi likizo ya Krismasi ije imrudishie mtu pumzi. Kwetu likizo haileti nafuu hiyo. Masika hushika Aprili, shule zimefungwa. Mwalimu amekwenda kwao akiwa ameonja ukame tu. Mvua inamwagika na yeye hayupo. Akirudi, magugu yamefika magotini na wakati wa kupanda umempita. Naamini hapa ndipo tunapowapoteza wengi, wala si kwa uvivu wao.

Liko na jingine, na hili linaniuma. Katika shule moja, waliochelewa walikuwa wakipelekwa kulima kitalu cha somo la kilimo. Mtoto aliyeshikishwa jembe kwa kosa Jumatatu, Jumanne utamwambia nini juu ya jembe hilo hilo? Mwalimu mpya wa pale alimwendea mkuu wake faraghani, akaomba shamba lisiwe tena mahali pa adhabu. Akakubaliwa. Kwa muda wote niliofundisha, mimi sikuwahi kuthubutu kuomba hivyo.

Walionigusa zaidi ni wale waliobaki Malindi likizo ya Aprili. Mmoja alikuwa amejiandaa kupanda mahindi ya H614, mbegu ya nyanda za juu aliyoizoea. Mama mmoja jirani wa shule, huko Ganda, akamwonyesha shamba lake la PH4, mbegu ya Pwani, na kunde zilizotambaa katikati ya mistari. Akapanda kama alivyoonyeshwa. Viwavijeshi walipoingia, alikuwa anatafuta pesa za dawa. Mwanafunzi wa Kidato cha Pili akamwambia kwao huwa wanatia jivu katika moyo wa mhindi. Walitia darasa zima. Mwezi wa Januari mwalimu huyu aliniambia amekuja kuwafundisha watu wa huku kulima. Nilipomtembelea muhula wa tatu, nilimkuta akianza kipindi kwa kuuliza, “Kwenu mnafanyaje?” Watoto walikuwa wanagombania kujibu.

Chama chetu kilikosea. Tuliwakaribisha kwa chakula Januari, tukawapigia makofi, kisha tukanyamaza hadi msimu wa mitihani. Wanaolipwa na bodi za shule, ambao mishahara yao huchelewa, hata nauli ya kuja mikutanoni hawakuwa nayo, na sisi hatukuuliza.

Kamati imeamua kila mwalimu mpya awe na mlezi, na ziara ya kwanza iwe Machi. Aprili mlezi amkaribishe nyumbani kwake walau wiki ya mvua za mwanzo, wapande pamoja.

Karatasi ya majina ya walezi iko kwa katibu. Upande wa Marafa bado hatujapata mtu. Mnaofundisha karibu na huko, nawaomba mjiandikishe kabla hatujatoka kwenda kula.