Zuhura, nisomee hii kabla ya Alhamisi

Mpendwa Zuhura,

Salamu nyingi. Ukitaka kujua hali yangu, mimi ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni kwako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu. Haya, ya shuleni nimeyamaliza. Najua umeshatazama tarehe na kuhesabu: miezi kumi na moja bila hata neno. Usinitafutie udhuru, sina. Kila Jumapili nasema leo namwandikia Zuhura, na kila Jumapili usingizi unanichukua. Waraka ni nusu ya kuonana, na mimi nimekunyima hata hiyo nusu. Utanigombeza baadaye. Leo nina shida, na nimebakiwa na siku nne.

Kabla hujaendelea, fungua zile picha mbili za eksirei nilizokutumia. Tazama jino la juu la mbele, kushoto, namba 21 kwa hesabu yetu ya meno. Ya kwanza ni ya mwaka jana. Ya pili ni ya Jumatatu iliyopita. Umeona pale kwenye ncha ya mzizi? Nataka jicho lako kwanza, maneno yangu baadaye.

Umeangalia? Basi endelea.

Ni binti wa miaka 22. Alikuja mwaka jana, simu mkononi, picha ya meno ya mtu mwingine kwenye kioo. "Nataka haya." Nikamlaza, nikawasha taa, nikazunguka mdomo mzima na sikupata tundu hata moja. Ukoga kidogo nyuma ya meno ya chini, basi. Meno mazuri, Zuhura, ya kufundishia. Ila hilo la 21 lilikuwa limegeuka kidogo, kama mtu aliyeitwa jina akiwa kwenye foleni. Nikamwambia tulinyooshe kwa zile plastiki angavu, miezi sita hivi, halafu tuyang'arishe kwa dawa, akiona bado hayamridhishi tutazungumza habari ya vinia, yale maganda membamba ya kauri ya kubandika mbele ya jino lililochongwa. Akasema ana shughuli baada ya wiki tatu na atapigwa picha.

Nikachonga sita.

Matano nilikwenda kwa adabu, nusu milimita, nikabaki ndani ya enameli, lile ganda gumu la nje. Hilo lililogeuka halikukubali adabu. Ili likae sawa na wenzake ilibidi niule ule upande uliojitokeza, na karibu na ufizi enameli ni nyembamba mno, unajua. Niliona rangi ikibadilika chini ya maji ya mashine, kutoka nyeupe kwenda manjano ya dentini iliyo chini yake. Niliiona na nikaendelea.

Unakumbuka yule mwalimu aliyekuwa akipita na kipimo chake wakati tunachonga meno ya plastiki? Akikuta umezidisha, anakung'olea jino lote unaanza upya. Siku ile alikung'olea wewe mara tatu na mimi nikakucheka mpaka nikatolewa nje. Wewe ukarudi bwenini ukaandika ukutani: haioti tena. Nilidhani umechanganyikiwa. Kumbe ulikuwa unasema enameli. Chembe zinazoijenga zinakwisha kazi na kupotea jino likishachomoza, kwa hiyo unachotoa umetoa. Nimekuwa nikiuona ule mwandiko wako wiki nzima.

Nikupe habari nyingine kidogo nipumue. Kliniki imebadilika hungeitambua. Alijineti, ule uji wa kuchukulia chapa ya meno, tumeiaga, sasa tunapitisha skana mdomoni na meno yanajichora kwenye kioo kama ramani. Hakuna anayetapika tena. (Bado sijakusamehe viatu vyangu.) Dada wa mapokezi ameacha kusema "wagonjwa", anasema "wateja", na Mama Tausi, msaidizi wangu, hataki kabisa kulisikia neno hilo, akiita jina anapaza sauti makusudi: "Mgonjwa anayefuata!" Amalgamu, ule mchanganyiko wa zebaki wa kuzibia meno, karibu inakuwa historia. Umoja wa Ulaya umeizuia tangu 2025, na hapa mtu akisikia neno zebaki anashuka kwenye kiti hata kama jino limebaki ukuta mmoja. Aproni ya risasi nayo, ile ya kukinga miale ya eksirei, madaktari wa meno wa Marekani walisema mwaka 2024 haina haja tena kwa picha zetu hizi. Jaribu kumweleza mama aliyezoea kuvishwa. Anakutazama kama umemwibia.

Na ile dawa ya floridi ya fedha! Hiyo naipenda kweli. Unapaka tu, hakuna sindano, hakuna kelele, uozo unasimama. Shirika la Afya Duniani waliiingiza kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2021 na mimi nikaona hapa sasa tumepona, watoto hawatalia tena. Watoto hawalii. Wazazi ndio wanalia, maana palipooza panageuka weusi tititi. Mama mmoja niliyemweleza mara mbili, akasaini, wiki iliyofuata amerudi na mtoto anacheka na jino jeusi, haumwi, anakula vizuri, na mama ananiuliza kama picha za familia zinaweza kusogezwa mbele. Mtoto mwenye jino jeusi lisilouma ndiye anayelalamikiwa. Binti mwenye meno meupe na mzizi uliokufa ndiye anayenishukuru.

Ndiyo, ananishukuru. Hapo ndipo pananinyima usingizi. Angekuja amefura, analia, ananitukana, ningejua pa kusimama. Amekwisha kuniletea wenzake watatu. Ameniandikia sifa kwenye simu, nyota zote tano, "daktari mwenye mikono ya dhahabu". Mgema akisifiwa, Zuhura... malizia mwenyewe.

Jumatatu hakuja kwa maumivu. Alikuja kukwanguliwa ukoga, na akiwa ameshalala akataja kama jambo la kupita kwamba ana kipele kwenye ufizi kinachokuja na kwenda. Hakiumi. Anadhani ni mswaki. Nikainua mdomo wa juu, nikakiona, na tumbo likanishuka hapohapo, maana kipele cha namna hiyo mara nyingi ni usaha wa mzizi uliokufa unaotafuta njia. Nikachukua pamba, nikaipulizia baridi, nikamwambia afumbe macho na anyanyue mkono akisikia. Nikaanza upande wa kulia, nikigusa kwa nyuma, upande wa kaakaa, maana mbele ni kauri. Mkono ukanyanyuka. Jingine, ukanyanyuka. Nikaliruka la 21 nikaenda mpaka mwisho, yote yakajibu. Nikarudi. Nikaligusa. Nikahesabu kimoyomoyo mpaka kumi na tano, mkono uko pajani umetulia. Akafumbua jicho moja akaniuliza: "Umeshaanza?"

Tukapiga picha. Sasa tuna ile programu inayosoma picha na kupaka rangi inapotilia shaka, na kioo chenyewe kinamtazama mgonjwa, maana siku hizi wanataka kuona kila kitu, na mimi mwenyewe nimekuwa nikijisifia uwazi huo. Programu ikapaka duara jekundu kwenye ncha ya mzizi wa 21. Akaliona kabla sijafungua mdomo. "Hiyo rangi ni nini, daktari?"

Unajua nilitaka kusema nini? Nilitaka kusema programu hukosea. Na ni kweli hukosea: mwezi uliopita ilipaka kivuli cha shingo ya jino ikadai ni tundu, na Kaka Mrefu, mwenzangu wa kliniki, nusura aliwashie mashine nikamkamata mkono. Mfano ninao, sauti ya kitaalamu ninayo. Sikusema. Lakini sikusema ukweli pia. Nilisema: "Jino limechoka kidogo. Rudi Alhamisi ya wiki ijayo tuliangalie vizuri."

Limechoka! Kama limebeba mizigo. Mama Tausi alikuwa ameshika mrija wa kufyonza mate, hakunitazama mchana kutwa.

Nimeanza barua hii mara mbili nikachana. Ya kwanza nilikuandikia kwamba binti alinisukuma, na kweli alisukuma. Ya pili nikaandika ni muda, wiki tatu hazikutosha, na kweli hazikutosha. Ngoja nikuambie ambalo sikuliandika. Skana ile nimeikopea. Muuzaji aliniambia, watu wakijiona kwenye kioo na meno mapya hawakatai, na hakusema uongo. Nilimchora yule binti tabasamu lake kabla sijamweleza lolote la hatari. Nilimwonyesha kwanza, nikamweleza baadaye, na maelezo hayawezi kushindana na picha, wewe mwalimu unalijua hilo. Marejesho ya mwezi ule yalikuwa yamechelewa. Meno sita ya vinia yalitosha, na kunyoosha jino moja kwa miezi sita hakukutosha. Ndiyo hivyo tu.

Alisaini fomu, ndiyo. Imo humo kwamba mshipa wa jino unaweza kufa. Niliisoma jana usiku, mstari wa saba, herufi ndogo, kwa lugha ambayo hata mimi nilirudia mara mbili kuielewa. Na wapi imeandikwa kwamba hizo vinia hukaa miaka 10 hadi 15 na kuanza upya? Ana miaka 22. Nimejaribu kuhesabu ni mara ngapi mtu atazitoa na kubandika nyingine mpaka uzee wake, nikaacha.

Kaka Mrefu anasema nakuza mambo. Anasema safisha mzizi bila malipo, ziba, mwambie meno hufanya hivyo wakati mwingine, maisha yaendelee. Si mtu mbaya, unamjua. Na hata si uongo mtupu, jino linaweza kufa kwa kugongwa utotoni mtu asikumbuke. Nilimuuliza binti kama aliwahi kuanguka na kujigonga mdomo, na nikajikuta naomba aseme ndiyo. Alisema hapana.

Wenzake wale watatu wako kwenye daftari la miadi mwezi ujao. Mmoja meno yake nimeyaona kwenye picha tu. Hayana kasoro.

Sasa wewe bingwa wa mizizi, nisaidie. Kwanza ya kazi: ungeingilia kwa nyuma ukaiacha vinia mahali pake, au ungeitoa kabisa uone kama ukingo wake unavujisha? Kikipona kile kivuli cha ncha ya mzizi, jino likaanza kugeuka kijivu chini ya kauri, ungeling'arisha kutokea ndani au ungesubiri? Au nimlete kwako? Nauliza kwa sababu mkono wangu siuamini kwenye jino hilo, lakini nauliza pia kwa sababu kumleta kwako ni kumkimbia, na sijui ni kipi kizito zaidi. Akija kwako na akakuuliza ni nini kilichotokea, utamwambia? Utalitaja jina langu? Na ingekuwa wewe, ungeanza na sentensi gani? Ile ya kwanza tu. Nyingine nadhani zitakuja zenyewe.

Na mama yako anaendeleaje na miguu? Yule mdogo wako alimaliza chuo au bado anazungushwa? Na kweli umeacha kabisa kushika mgonjwa, unafundisha tu, au ni maneno ya watu?

Nijibu hata mistari mitatu. Saa yake Alhamisi ni saa nne asubuhi, na nimemwambia Mama Tausi asimpangie mtu mwingine nyuma yake.

Wako,
Maimuna

Tena, ile ya pili kama ni giza sana kwenye simu yako, nipigie nikutumie nyingine. Nimepiga tatu. Zote zinasema hivyohivyo.