YAH: Mmeniuzia katriji za gemu za bandia kwa jina la orijino

Kwa Meneja, Huduma kwa Wateja,
Dar es Salaam

Assalaam alaykum,

Mie ni yule mteja wenu wa Chake Chake, Pemba, nilopiga simu mara sita mwezi huu, na mara ya mwisho kijana wenu wa mauzo akanambia "mzee, memori ni memori tu, ilimradi gemu inawaka", kisha akakata. Naandika kwa sababu kwenye simu nakuwa na hasira maneno hayakai sawa, na pia nataka iwepo barua, msije mkasema hamkuambiwa.

Nina chumba cha gemu hapa Chake, kidogo tu, mashine mbili za koini, zote Neo Geo MVS, ile bodi ya SNK wa Japani ilotoka 1990 inayochomekwa katriji (watoto wa hapa wanaita kaseti na mie nishachoka kuwarekebisha). Ami yangu alizileta kutoka Dubai zamani akaniachia. Nikaona tangazo lenu, limeandikwa kwa herufi kubwa ORIJINO SNK SIO KOPI, nikaagiza nne: King of Fighters 97 (KOF kwa kifupi), King of Fighters 98, Metal Slug X na moja mloiita King of Fighters 2004 Special. Jumla shilingi 920,000, nikawatumia kwa simu siku ile ile, mzigo ukaja kwa boti hadi Mkoani, nikaufata mwenyewe na gari ya abiria, nikaupakata njia nzima kama mtoto mchanga.

Kosa langu nalisema mwanzo ili msinambie nyinyi: sikuzifungua. Nilizichomeka zikawaka, muziki ukalia, nikasema alhamdulillah, na zile siku saba zenu za kurudisha mali zikapita hivo hivo.

Sasa Idd pili. Mnajua Idd kwetu, watoto wameshika mkono wa sikukuu mfukoni, wakitoka Tibirinzi kwenye mabembea wanakuja kwangu, foleni mpaka nje, hiyo ndo siku ninayolipia kodi ya miezi. Saa kumi jioni ile KOF 98 ikaanza vituko, wapiganaji wa ndani ya gemu wakaharibika, Iori kawa kijani, Terry uso umetoka na mistari, lakini umbo liko pale pale, sauti safi kabisa, na maandishi ya skoa yanasomeka. Mie si fundi wa cheti lakini mashine hizi nimezikalia miaka, nikajua palepale. Kwenye katriji ya MVS kila chipu ina kazi yake: P ni programu yenyewe inayokwenda kwenye prosesa kuu ya 68000, M ni programu ya sauti ya prosesa ya pili, Z80, V ni sauti zilizorikodiwa, S ni maandishi ya mbele kama skoa na saa, na C ndo picha za wachezaji. Na C zinakwenda pea pea, C1 na C2, C3 na C4, kila moja inabeba nusu ya rangi za picha ile ile. Sauti nzima, skoa nzima, umbo lipo rangi zimechafuka, basi kuna C moja imekufa kwenye pea yake. Dakika kumi baadae mashine nzima ikaanza tik tik tik inajiwasha upya yenyewe, nikazima, nikarudisha pesa za watoto mmoja mmoja, na wengine wakadai mara mbili, watoto hawa.

Usiku nikachukua bisbisi nikazifungua zote nne.

Nianze na haki yenu, maana sitaki kuandika uongo. Ile KOF 97 ni ya kweli. Ndani bodi mbili zimekaa uso kwa uso, moja imepigwa chapa NEO-MVS PROG na nyengine NEO-MVS CHA, jina la SNK limo kwenye bodi yenyewe sio kwenye karatasi, meno ya kuchomekea ni ya dhahabu na ncha yake imechongwa mshazari ili iingie kwenye slot (tundu la kuchomekea katriji) taratibu, na chipu zimeandikwa 232-P1, 232-C1 na kuendelea. Hiyo 232 ndo namba ya gemu yenyewe, kila gemu ya Neo Geo ina namba yake, KOF 98 ni 242, Metal Slug X ni 250. Kwa hiyo asanteni kwa hiyo moja, bila ya hiyo nisingekuwa na cha kulinganishia, mmenipa wenyewe mizani ya kuwapimia.

KOF 98 mlonipa haina 242 popote. Bodi haina jina wala chapa, meno yamepakwa risasi ya kulehemia badala ya dhahabu, ncha imekatwa wima kama kwa msumeno na ishaanza kunikwangua slot. Chipu moja tu ndo imeandikwa vizuri vizuri kama ya kiwanda, nikaitilia shaka kwa uzuri wake, nikachukua dawa ya mke wangu ya kutolea rangi ya kucha nikaisugua kwa pamba, maandishi yote yakahamia kwenye pamba, chini yake mikwaruzo ya msasa. Zilobaki ni chipu za memori aina ya flash, 29LV320. Kila moja inabeba megabiti 32 za data. Sasa hebu tufanye hesabu: KOF 98 ni megabiti 683, picha peke yake ni 512, SNK aliziweka kwenye chipu nane za C za megabiti 64 kila moja, nyie mmenipa kumi na sita za 32 zimebanana kwenye bodi kama dagaa kwenye mtungo. Hilo peke yake si dhambi. Dhambi ni kuwa 29LV320 imetengenezwa kwa umeme wa volti 2.7 mpaka 3.6, na slot ya MVS inatoa volti 5, na kwenye bodi yenu hakuna kitu chochote cha kushusha volti, nimepima na mita, zinapigwa 5 kavu kavu. Nilipoiwasha nje ya kasha nikagusa kwa kidole, moja sikuweza kuihimili. Hiyo ndo C ilokufa Idd pili, na nyengine zinangoja zamu.

Ndo maana ile kauli ya "memori ni memori tu" imeniuma kuliko pesa. Si kweli, na muuza duka anatakiwa ajue. Chipu za orijino ni mask romu, yaani data inawekwa kiwandani wakati chipu yenyewe inatengenezwa, imo kwenye mwili wake, sawa na nakshi za mlango wa Mji Mkongwe, huwezi kuifuta mpaka uvunje mlango. Hakuna chaji ya kuvuja. Ile 97 yangu ni ya 1997 na inasoma kama jana. Epromu ni kitu chengine, data ni chaji ndogo iliyofungiwa ndani, ina kidirisha cha kioo juu na ukiiweka chini ya taa ya yuvii inafutika, iandikwe upya, kama kombe lililoandikwa kwa zafarani, limeandikwa ili lioshwe. Watengenezaji wenyewe wanasema kwenye karatasi zao ikikaa kwenye jua moja kwa moja kiasi cha wiki moja inaweza kufutika, na kwenye mwanga wa tyubulaiti za ndani kiasi cha miaka mitatu, ndo maana kidirisha lazima kizibwe. Flash nayo ni chaji ile ile ila inafutwa kwa umeme, haitaki taa wala dirisha. Zote tatu zinawasha gemu, sawa, na nyumba ya makuti na ya mawe zote zinazuia jua, lakini hakuna anouza makuti kwa bei ya mawe.

Metal Slug X ndo hizo epromu. Nilipobandua stika ndogo nyeupe nikakuta vidirisha, viwili havijazibwa kabisa, na juu ya chipu moja kuna gundi ya stika ya zamani na miguu yake imepinda ikanyooshwa, yaani chipu ya mtumba, imeng'olewa kwenye kifaa chengine ikafutwa ikaandikwa tena. Najua mtajibu kuwa SNK mwenyewe aliwahi kuweka epromu kwenye baadhi ya katriji zake, na ni kweli, khasa kwenye programu, sikatai, lakini aliziweka kwenye bodi yake yenye jina lake na zilobaki zikawa mask romu. Yenu ni epromu kuanzia P mpaka C, kwenye bodi isokuwa na baba.

Na hii KOF 2004 Special, hapa nilicheka peke yangu usiku wa manane mpaka mke wangu akaamka. Hii haina orijino! SNK hakuitoa gemu hiyo. KOF ya mwisho rasmi kwenye MVS ni 2003, na mwaka 2004 ilotoka ni Samurai Shodown V Special, hapo ndo MVS ikafungwa. Hii yenu ni KOF 2002 imechezewa na watu wa kopi, wamebadilisha jina na kuwapa wachezaji nguvu za ajabu. Sasa orijino ya kitu cha bandia inakuwaje, labda nyie mnifundishe.

Msidhani mie ni mtakatifu wa katriji. Ninayo ile ya gemu 161 kwa 1, ni kopi tupu, niliinunua kama kopi, kwa bei ya kopi, alieniuzia akanambia "ami hii kopi, ikifa usinitafute", na wallahi sijamtafuta. Ikifa nitamuombea tu. Ugomvi wangu na nyinyi si kopi, ni hilo neno orijino mlolichukulia pesa, maana ningejua ningelipa robo, ningejua na kuiweka kwenye ile mashine ya slot moja ilochoka, sio kwenye ya slot nne ambayo slot yake ya pili sasa imekwanguliwa.

Ninachotaka. KOF 97 nabaki nayo, thamani yake kwenye risiti yenu ni 180,000, hiyo yenu halali. Nirudishieni 740,000 ya zile tatu, kwa namba ile ile ya simu nilotumia. Sitaki mnibadilishie na nyengine, kijana wenu aliniambia "tutakutumia nyengine orijino kabisa", hiyo kabisa imenitia khofu zaidi. Slot ilokwanguliwa siwadai ila mjue. Na hizo siku saba msinitajie, siku saba ni kwa mtu alobadilisha mawazo, sio kwa mtu alopewa kitu sicho.

Katriji tatu nimezifunga upya na skrubu zake, zimo kwenye boksi lenu lenyewe pamoja na ile pamba yenye wino. Picha za bodi nimezituma kwenye namba yenu ya WhatsApp jana usiku, kumi na moja, alama mbili za buluu zishatokea kwa hiyo mmeziona. Pesa ikiingia naupandisha mzigo kwenye boti ya asubuhi inayofuata kutoka Mkoani, nauli ya kurudishia juu yangu.

Ni mie mteja wenu,
mwenye chumba cha gemu, Chake Chake

Nimesahau: tangazo bado liko juu, na picha mloweka ni ya KOF 97 imefunguliwa, bodi ya kweli, namba 232 inaonekana, lakini chini mmeandika KOF 98. Angalau hilo lirekebisheni leo.