Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Magoti, Sukari na Baridi ya Mbeya

Ndugu wanachama,

Mapato na matumizi atayasoma mhazini. Mimi nabaki na jambo lililojirudia mwaka mzima: goti likiuma mwenye kisukari anaacha kutembea, sukari mwilini inapanda, uzito unaongezeka, na goti linazidi kuuma.

Lengo letu ni lile lile, dakika 150 za kutembea kwa wiki. Mwenye maumivu azigawe kumikumi. Kabla ya kutembea, kaa kwenye kiti, nyoosha mguu mpaka paja likaze, hesabu hadi tano, ushushe taratibu; mara kumi kila mguu. Paja imara hulipunguzia goti mzigo. Mteremko huumiza goti kuliko mpando, kwa hiyo tafuteni njia tambarare. Fimbo ishikwe upande usiouma. Wengi bado mnaishika upande wa goti bovu. Maumivu yakiendelea zaidi ya saa mbili baada ya mazoezi, kesho punguza, usiache.

Anayetumia insulini au glibenklamidi, kidonge cha kushusha sukari, apime sukari kwanza. Ikiwa chini ya 5 (mmol/L, kipimo cha mashine), ale kiazi au ndizi ndipo atoke. Akianza kutetemeka njiani na kutokwa jasho jembamba, kiazi hakifai tena, kinachelewa: anywe vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, apumzike dakika 15, apime tena.

Kinachonitia hofu zaidi ni dawa za maumivu za dukani. Diklofenaki na ibuprofeni hupunguza damu inayofika kwenye figo, na figo za mwenye kisukari tayari zimo hatarini, hasa akimeza na dawa za presha. Tafadhali, msinunue kabla ya kumuuliza daktari wenu. Ukichomwa sindano ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, gotini, pima sukari kila siku kwa wiki nzima, maana hupanda.

Juni na Julai tunaota moto. Mguu wenye ganzi huungua mwenyewe hajui! Vaeni soksi za sufu, jiko likae mbali, na kila jioni mkague nyayo na katikati ya vidole. Lengelenge lisitumbuliwe, kidonda kipelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Mwakani napendekeza sehemu ya ada inunue vijiti vya kupimia sukari. Kopo lake lifunikwe kila mara, kwani unyevu huviharibu na majibu yakawa ya uongo.

Mwenyekiti