Ubeti Mmoja, Mizani 64: Risala ya Chama cha Kiswahili kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa mgeni rasmi, Mwalimu Mkuu, walimu wetu, wazazi na wanafunzi wenzetu: assalaam alaykum, na hamjambo nyote.

Tunakushukuru kwa kuitika mwito. Tuliposikia kuwa mgeni wa leo ni malenga, wenzetu wa kamati ya chakula walifurahi. Sisi wa Chama cha Kiswahili tulishikwa na tumbo, maana tulijua tutasoma beti zetu mbele ya mtu anayehesabu mizani, yaani silabi za ubeti, hata usingizini.

Mheshimiwa mgeni rasmi, mwaka huu mzima tulifanya kazi moja tu: kuandika ubeti mmoja mmoja kwa mtindo wa Muyaka bin Haji, malenga wa zamani wa Mombasa. Hatukutaka shairi la beti kumi. Mishororo 4, vipande 8, mizani 64, basi.

Tulimchagua Muyaka kwa kuwa ni jirani. Alizaliwa hapahapa Mvita, yaani Mombasa, mnamo mwaka 1776, akafariki 1840, miaka mitatu tu baada ya Wamazrui, watawala wa Mombasa, kupokonywa mji na Seyyid Said, Sultani wa Omani na Unguja. Kabla yake, kazi nyingi za washairi wa pwani zilizotufikia ni tenzi ndefu za dini. Yeye alilichukua shairi la mishororo minne akatoka nalo hadi sokoni na barazani: mapenzi, biashara, ugomvi wa mjini, siasa za Ngome, makao ya watawala. Wakati wa vita vya Kuduhu, kati ya Mombasa na Lamu, aliwarushia watu wa Lamu maneno kwa mashairi, na Bwana Zahidi Mgumi wa Lamu akamrudishia yake. Hayo yote yangepotea lau si Mwalimu Sikujua bin Abdallah kuyakusanya kutoka vinywani mwa watu na kumpa mmishonari Mwingereza Taylor. Diwani yake ilichapwa mwaka 1940, karne nzima tangu afariki, tena Johannesburg! Shairi la Mvita lilizunguka kote huko ndipo likarudi nyumbani.

Tulidhani kifupi ni chepesi. Siku ya kwanza kila mtu alimaliza kabla ya kengele, na mwalimu mlezi akazisoma beti zetu kwa sauti, akigonga dawati kwa kila mizani. Aibu! Kila aliyepungukiwa na mizani tatu alichomeka "hakika". Aliyepungukiwa na mbili alichomeka "enyi". Ubeti mmoja ulikuwa na "hakika" nne, na hadi leo mwenyewe tunamwita Hakika. Mwalimu akatuuliza: "Huyu anasema na nani?" Hatukuwa na jibu. Beti zetu zilikuwa zikisema na dunia nzima juu ya elimu, amani na mazingira, na dunia nzima haikuwa na haja ya kuzisikia.

Basi tukarudi kwa Muyaka, tukamsoma upya tukitafuta jambo hilo tu. Tukaona kwamba mara nyingi ana mtu mbele yake: adui, rafiki au mpenzi. Tangu hapo sharti likawa kwamba ubeti usio na mtu wa kuambiwa hausomwi. Mwanachama mmoja wa kidato cha pili, ambaye kwao maji hayajatoka kwa wiki kadhaa, akaamua wa kuambiwa ni mfereji. Alianza na beti kumi na nne. Akabaki na huu:

*Mfereji nakujia, mbona huna hata tone?*
*Ndoo yangu naitia tini ya shingo, nione.*
*Upepo wanivuvia, kelele kama mashine,*
*Na bili wanitumia ya upepo: tuagane!*

Tulibishana siku mbili juu ya neno "mashine". Wengine walisema Muyaka hakuijua mashine. Mwenye ubeti akajibu kwamba Muyaka hakuijua bili pia, na kwamba angeijua asingeinyamazia. Alishinda, ingawa baadhi yetu bado tunanung'unika.

Mheshimiwa mgeni rasmi, tuna malalamiko mawili. La kwanza ni hilo neno "tini", yaani "chini" kwa Kimvita, lahaja ya Mombasa. Nyumbani bibi zetu husema tini, nti, ndia, mato (chini, nchi, njia, macho), na Muyaka alitunga hivyo hivyo. Lakini katika shindano moja tulilohudhuria, beti zetu zilikatwa alama kwa "makosa ya tahajia". Tulitaka kujibu kwa ubeti, mwalimu akatuzuia. Hatusemi ni shindano gani. Tunasema tu kwamba iwapo mtu anafunzwa Muyaka darasani, asiadhibiwe kwa kusema kama Muyaka.

La pili, nakala. Chama kizima kinasoma diwani moja ya kivuli, iliyotolewa kivuli kutoka kivuli kingine, na kurasa kadhaa zimefifia hata vina havionekani. Ukurasa mmoja umeunguzwa na kikombe cha chai, na mwenye kikombe yumo humu ukumbini. Tunakuomba utusaidie kupata nakala tano safi za maktaba. Tunakuomba pia utufungulie mlango kwa wazee wa Mji wa Kale ambao bado wana mashairi vichwani. Simu zetu zinarekodi. Tatizo ni kwamba tukienda wenyewe tunaonekana watoto wa mchezo.

Ombi la mwisho halihitaji pesa. Mashairi haya yalikuwa ya kujibizana, na sisi mwaka mzima tumekuwa tukijibizana wenyewe kwa wenyewe. Chini ya chupa ya maji iliyo mezani pako kuna karatasi iliyokunjwa. Ndani yake kuna ubeti mmoja uliokutaja wewe, tena si kwa sifa tupu. Kalamu iko pembeni, na baada yetu kuna ngoma ya chakacha ya dakika kumi. Tunangoja jibu lako kabla hujapewa kipaza sauti.

Ni sisi wanao,
Wanachama wa Chama cha Kiswahili.