Makumbi ya Kisiwa cha Oak: barua kwa mwanangu aliye Halifax

Mwanangu mpenzi,

Barua yako imenifikia. Umeniuliza nina maoni gani juu ya Kisiwa cha Oak cha huko Nova Scotia, Kanada, ambacho wenzako wa chuoni wanataka kwenda kukitazama. Nami nitakujibu kama mtu aliyekulea kwa fedha za kuchimba visima.

Husimuliwa kwamba mwaka 1795 kijana Daniel McGinnis aliona ardhi imebonyea chini ya mti, akawaita wenzake John Smith na Anthony Vaughan, wakaanza kuchimba wakitumaini kupata mali iliyofukiwa na maharamia. Kila futi 10, wasema, walikuta safu ya magogo, hata walipofika futi 30 wakaacha. Baadaye ikaja kampuni ya Onslow, ya kutafuta mali hiyo hiyo, ikashuka hadi futi 90 hivi, na asubuhi moja shimo likakutwa limejaa maji yasiyopungua kwa kutekwa. Futi hizo usiziapie, maana habari yenyewe ilianza kuchapishwa magazetini katika miaka ya 1850 na 1860.

Kampuni ya Truro, iliyorudia kazi mwaka 1849, ndiyo iliyotambua kwamba maji yale ni ya chumvi na kwamba hupanda na kushuka kwa kujaa na kupwa kwa bahari. Wakahitimisha kwamba mwenye mali alichimba mfereji wa siri kutoka ufukweni ili kuwakomoa wezi. Mimi niliwahi kuchimba kisima karibu mno na pwani, kikafanya vivyo hivyo. Mwenye nyumba alikataa kunilipa, lakini hakunishuku kuwa nimeficha dhahabu. Waliokuja baada ya Truro waliendelea, na mwaka 1861 boila ya pampu ilipasuka ikaua mtu, na shimo likaporomoka.

Jambo moja tu silipatii jibu jepesi. Watu wa Truro walipofukua ufuko wa Smith's Cove kisiwani humo mwaka 1850, walikuta chini ya mchanga nyasi za baharini pamoja na makumbi ya nazi, ilhali mnazi hauoti Kanada. Huenda yalishushwa kutoka melini, kwani mabaharia waliyatumia kukingia shehena isigongane.

Bibi yako, ambaye tangu usichana wake amefukia makumbi pwani yalainike, kisha huyafukua na kuyapiga apate nyuzi za kamba, nilimsomea habari hii yote. Dhahabu hakuiuliza kabisa. Anataka kujua kama makumbi hayo yalikuwa yamekwisha kupigwa, au yalifukiwa mabichi na mwenyewe hakurudi kuyafukua.

Wako,
Baba